Mlango Uliotema Klorokwini

Aliyelelewa Kinango, Kenya, miaka ya 1980 anaikumbuka klorokwini, dawa ya malaria, kwa mambo mawili: uchungu uliogoma kutoka ulimini hata ukilamba sukari, na mwasho. Usiku wa kwanza baada ya kumeza, viganja na nyayo ziliwasha kama umeshika upupu. Bibi alituwekea karai la maji tuloweke miguu. Lakini homa ilishuka. Kisha ukafika wakati tukawa tunawashwa na homa haishuki.

Dawa hiyo iliundwa mwaka 1934 na Hans Andersag, mkemia wa Bayer, Ujerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilianza kushindwa mpakani mwa Thailand na Kambodia, na huko Kolombia. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 usugu ulikuwa umetia mguu Afrika Mashariki. Wengi tulidhani vidonge vimechakachuliwa. Kumbe kimelea kilikuwa kimebadilisha mlango.

Kimelea cha malaria kikishaingia katika chembe nyekundu ya damu hula hemoglobini. Huipeleka kwenye kifuko chake cha kumeng'enyea na kuikatakata iwe minyororo mifupi ya asidi amino. Hubaki hemu, yenye chuma, ambayo ni sumu kwake, basi huigeuza fuwele isikidhuru. Klorokwini hujaa katika kifuko hicho na kuzuia fuwele zisiundike. Kimelea kinakufa kwa sumu ya chakula chake chenyewe.

Kwenye utando wa kifuko hicho pana protini ya kupitishia vitu, iitwayo PfCRT: ndio ule mlango. Mwaka 2000 David Fidock na wenzake walionyesha kuwa usugu umejificha humo. Ni asidi amino 424 zilizotungwa kama shanga. Ya 76 ni laisini, yenye chaji chanya. Klorokwini ikiwa kifukoni nayo ina chaji chanya, na chaji za namna moja hufukuzana, kwa hiyo dawa hubaki ndani. Katika vimelea sugu shanga hiyo ni threonini, isiyo na chaji, na nyingine kadhaa zimebadilika pamoja nayo. Dawa hutemwa nje.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, waliugandisha mlango wa kimelea sugu chenye asili ya Brazil, wakaupiga picha kwa hadubini ya elektroni. Zilionekana nguzo 10 zilizojisokota kama parafujo, zimepenya utando, zimezunguka uwazi wenye chaji hasi. Zile shanga zilizobadilika zimejipanga kwenye kuta za uwazi huo. Mimi naona ajabu kwamba maradhi yaliyomaliza watoto wetu yanaweza kuelezwa kwa ukuta mdogo namna hiyo.

Mwaka uliofuata, watafiti wa Australia walionyesha kazi asilia ya mlango: kutoa kifukoni ile minyororo ya asidi amino. Mlango uliogeuzwa huifanya kazi hiyo vibaya zaidi. Ndiyo maana dawa ikiondolewa, kimelea sugu hupitwa na wenzake. Malawi iliacha klorokwini mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta imeponya watoto 79 kati ya 80. Kenya iliiacha mwaka 1998 ikashika dawa za salfa, na kwa jirani zetu Kilifi vimelea sugu vilipungua kutoka karibu vyote mwaka 1993 hadi kama sita katika kila kumi mwaka 2006.

Mwaka huo huo wa 2006 vituo vyetu vya afya vilianza kutoa dawa mseto, ile AL ya vidonge vya njano. Ndani yake mna lumefantrini, na hiyo huvipa nafasi vimelea vyenye laisini pale pa 76: vile vile ambavyo kidonge kichungu cha bibi kingeviua.