Garimoshi Lenye Umeme Tumboni
Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, vichwa vya treni vilivyopita Tunduma kuelekea Kapiri Mposhi vilikuwa vya dizeli kutoka China, vilivyoitwa kwa Kichina “Mashariki ni Mwekundu”. Miaka ya 1980 vikaja vilivyoundwa Ujerumani: dizeli ilizungusha jenereta, na umeme wake ukazungusha magurudumu. Tangu 2024 treni ya umeme inakwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma bila moshi, nasi wapenzi wa dizeli tumeanza kuuaga ule muungurumo. Je, neno garimoshi nalo tuliage? Nakataa. Garimoshi la Tunduma limebeba umeme tumboni kwa takriban miaka arobaini, na jina halikulipwaya. Washairi, tulitunze: moshi ukiisha, neno ndilo litakalousimulia.