Watoto wa Baba Mmoja, Kila Mtu na Jina Lake

Mkoa wa Kagera umelipa Kanisa Katoliki makardinali wawili, na wote wawili ni Rugambwa. Laurean aliteuliwa mwaka 1960, akawa Mwafrika wa kwanza wa zama zetu kufikia cheo hicho. Protase, ambaye sasa ni Askofu Mkuu wa Tabora, aliteuliwa mwaka 2023. Mtu wa Mtwara au Arusha akisikia hivyo atasema mara moja: ukoo mmoja huo, tena una bahati. Mnyambo wa Chonyonyo, wilayani Karagwe, hatakimbilia kusema hivyo. Huenda ni ndugu, huenda si ndugu, lakini jina lenyewe halitoshi kuwa ushahidi.

Tazama nyumba aliyozaliwa Laurean mwaka 1912. Baba yake alikuwa Domitian Rushubirwa na mama yake Asteria Mukaboshezi. Wote watatu walibatizwa siku moja, tarehe 19 Machi 1921. Baba, mama na mtoto wameketi chini ya paa moja, na hakuna jina hata moja wanalolitumia kwa pamoja. Hivyo ndivyo majina yalivyokwenda kwa Wahaya, kwa majirani zao Wanyambo wa Karagwe na Kyerwa, na ng'ambo ya mto Kagera hadi Ankole na Bunyoro. Mtoto alipewa jina lake peke yake, na akizikwa, jina hilo lilizikwa naye, isipokuwa mjukuu apewe kwa heshima ya babu.

Jina hilo mara nyingi ni sentensi nzima iliyobanwa. Rugambwa ni yule anayesemwa, yaani anayetajwa na watu. Rutashobya ni asiyekosea, Rutabingwa ni asiyefukuzwa, Rutahindurwa ni asiyegeuzwa. Haya ya "Ruta" yana harufu ya majigambo, na si ajabu, maana katika nchi hizi mwanamume alisimama mbele ya mtawala au wenzake na kujisifu kwa kughani, na fundi wa zeze la enanga akaimba habari za mashujaa hadi usiku wa manane. Mtoto mchanga asiyeweza hata kuinua shingo anaitwa asiyefukuzwa. Wazazi walikuwa wanamwekea akiba.

Mengine hayana majigambo kabisa. Tibaijuka, jina ambalo dunia ililisikia pale Profesa Anna Tibaijuka alipoliongoza shirika la makazi la Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2000, maana yake ni "hawakumbuki". Nani hao wasiokumbuka, na wamesahau fadhila gani? Jina halisemi. Aliyelitoa alijua, na jirani aliyelengwa naye bila shaka alijua. Kila mtoto alipoitwa aje kula, ujumbe ulivuka ua wa migomba bila mtu kugombana na mtu. Mwanaanthropolojia John Beattie aliyaandika majina ya Wanyoro, ambao lugha yao ni ndugu wa Kinyambo, katika makala aliyoitoa mwaka 1957, na alichokikuta ni hicho hicho: kifo, umaskini, na chuki ya majirani. Mtu aliyezoea kudhani kwamba jina la Kiafrika lazima liwe na maana tamu angeshtuka. Mimi naona majina hayo ndiyo yenye historia nyingi zaidi, kwa sababu hayakutungwa kumpendeza mgeni.

Mapacha hawakuachiwa uhuru huo, kwani majina yao yaliwasubiri. Mdogo ni Kato akiwa wa kiume, Nyakato akiwa wa kike, na mkubwa wa kike ni Nyangoma. Ukimsikia Nyakato sokoni Kayanga, ujue yuko au alikuwepo mwenzake.

Watawala wa Karagwe nao walikuwa na akiba yao ya majina, yaliyorudi kizazi baada ya kizazi. Masimulizi yanamtaja Ruhinda kuwa mwanzilishi wa ukoo wa Bahinda, aliyemng'oa Nono wa ukoo wa Basita. Wakafuata akina Ntare, yaani simba, akina Ndagara na akina Rumanyika, anayejulikana. Rumanyika aliyekuwa Bweranyange, makao ya watawala hao, mwezi Novemba 1861 ndiye aliyewapokea wasafiri Waingereza Speke na Grant, na Speke akaliandika jina lake "Rumanika" kama sikio lake lilivyompa. Waingereza hao hawakuishia hapo: ziwa dogo la karibu waliliita Little Windermere, kwa kukumbuka ziwa la kwao. Jina hilo limebaki vitabuni. La Rumanyika liliongezewa uzito mwaka 2019, pale pori lenye jina lake lilipopandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe.

Kisha wakaja Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki. Walifungua misheni ya Kashozi, karibu na Bukoba, mwaka 1892, na kutoka huko ubatizo ulienea hadi Karagwe. Walibeba kalenda ya watakatifu, na hapo ndipo Kagera ilipojipatia ile sifa yake ya majina ambayo makarani wa Dar es Salaam huomba yatajwe herufi moja moja: Deusdedit, Deogratias, Adeodatus, Respicius, Projectus. Watu hutania sana majina haya. Wenye utani wangejua yalikotoka, pengine wangetania kidogo.

Deusdedit ni Kilatini cha "Mungu ametoa". Adeodatus ni "aliyetolewa na Mungu". Mnyambo alikuwa tayari ana Byarugaba, "ni vya Rugaba", na Rugaba ni Mungu kwa sifa yake ya kugawa. Hakuhitaji kufundishwa kwamba jina linaweza kuwa sentensi ya shukrani. Zaidi ya hayo, sentensi hizo za Kilatini zilipendwa sana na Wakristo wa Afrika Kaskazini. Adeodatus alikuwa mtoto wa Agostino wa Hippo. Deogratias alikuwa askofu wa Carthage katika karne ya 5, akauza vyombo vya kanisa ili akomboe mateka wa Wavandali. Wafiadini Perpetua na Felisita, ambao majina yao nayo yamo katika kalenda hiyo, waliuawa Carthage mwaka 203. Na shirika la Mapadri Weupe lenyewe lilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers. Kwa hiyo baadhi ya majina tunayoyaita ya kizungu yalitoka bara hili hili, yakazunguka Roma, yakashukia Bukoba.

Walutheri walikwenda njia nyingine. Wamisionari wa Betheli walifika Bukoba mwaka 1910, na kwao Biblia ilitangulia kalenda. Askofu Josiah Kibira, aliyechaguliwa mwaka 1977 kuliongoza Shirikisho la Walutheri Duniani, ana mfalme wa Yuda upande wa kwanza na "msitu" wa Kihaya upande wa pili. Waislamu walikuwepo kabla ya wote hao, tangu wafanyabiashara wa Kiarabu walipoweka kituo Kafuro, jirani na ikulu ya Karagwe.

Ubatizo haukuliua jina la kienyeji, ulilisukuma tu nyuma. Lililoligandisha ni daftari. Mlipakodi, mwanafunzi, muuza kahawa, wote walitakiwa kuwa na jina la mwisho, na shule ikataka la mtoto lifanane na la baba. Sentensi aliyotungiwa mtu mmoja kwa kisa kimoja ikaanza kurithiwa na watu wasiokijua kisa hicho. Leo fomu ya kitambulisho cha taifa inataka majina matatu, na la tatu huitwa jina la ukoo. Mtu wa Chonyonyo huandika jina la babu yake, yaani malalamiko au majigambo ya babu. Ukoo wake wa kweli, oruganda, pamoja na mwiko wake, omuziro, haumo katika fomu hiyo. Huo huulizwa wakati wa posa, na anayeulizwa hujibu kwa mdomo.

Kuna mahali ambapo kuchanganya jina la mtu na asili yake si suala la karatasi tu. Mugisha, Byarugaba na Kato wako Kyerwa, na wako Mbarara vilevile. Mpaka uliokubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890 ulifuata digrii 1 kusini mwa ikweta, mstari ambao Ruhinda hakuujua. Katika Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013, wahamiaji wasio na vibali walipoondolewa Kagera, Geita na Kigoma, swali la nani ni wa wapi liliingia hadi majumbani. Jina haliwezi kulijibu. Karani anayesoma "Byarugaba" na kuhisi Uganda anasoma lugha, na lugha hiyo inazungumzwa pande zote mbili za mto, Murongo upande huu na Kikagati upande ule, watu wakivuka kwenda sokoni.