Kutoka mfuatano hadi mguso: historia ya valini ya sita katika hemoglobini

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sarufi hujifunza mapema kwamba kukaa jirani si sawa na kupatana. Katika sentensi «Vitabu vyote ambavyo mwalimu alivinunua mjini vimepotea», neno «mjini» limekaa ubavuni mwa kitenzi «vimepotea», lakini halikitawali. Anayekitawala ni «vitabu», aliye mbali mwanzoni mwa sentensi. Asomaye maneno moja baada ya jingine, bila kujua lipi linashikana na lipi, amesoma orodha tu, sentensi haijamfikia.

Elimu ya protini ilipitia njia inayofanana na hiyo. Protini ni mnyororo wa asidi-amino, ambazo kwa kawaida ni za aina ishirini. Kila mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka, na kinachosalia cha kila asidi huitwa baki. Mnyororo huo haukai ukiwa umenyooka; hujikunja, hata mabaki yaliyo mbali katika mfuatano yakakutana uso kwa uso. Hapo ndipo wataalamu husema kuna mguso. Kipimo chake ni cha makubaliano: wengine huhesabu mguso pale ambapo atomi za mabaki mawili zimekaribiana kwa angstromu nne au tano, wengine hupima kati ya atomi moja teule ya kila baki, na kikomo chao mara nyingi ni angstromu nane. Angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita.

Makala haya yanafuatia historia ya mguso mmoja tu. Yanakusudia kuonyesha kwamba mfuatano ulipokwisha kujulikana, ugonjwa ulikuwa bado haujaeleweka, na kwamba mguso ndio ulioeleza ugonjwa huo na njia za kuuzuia. Ugonjwa wenyewe si mgeni Kongo.

2. Jina lililotaja umbo

Kunako mwaka 1910, daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada, ambaye chembe nyekundu za damu yake zilikuwa zimepindika mfano wa mundu. Majina yote ya ugonjwa huo yametoka katika umbo hilo. Neno la Kifaransa ambalo Wakongo wengi hulitumia, «drépanocytose», limejengwa juu ya neno la Kiyunani «drepanon», yaani mundu. Na neno «selimundu», lililozoeleka Tanzania, linasema jambo lilelile kwa Kiswahili. Lakini jina linalotaja umbo halitaji sababu.

Sababu ilitafutwa hatua kwa hatua. Mwaka 1927, Hahn na Gillespie walionyesha kwamba chembe hupindika zinapokosa oksijeni. Mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake huko California walithibitisha kwamba hemoglobini ya wagonjwa ina chaji ya umeme iliyo tofauti na ya watu wengine. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu uliitwa ugonjwa wa molekuli.

Wakati huohuo Afrika ilikuwa ikiuliza swali lake: mbona urithi unaoua watoto ni wa kawaida kiasi hiki? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha uchunguzi wake wa Afrika ya Mashariki ulioonyesha kwamba aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Mwaka 1955 Vandepitte, Zuelzer, Neel na Colaert walipima hesabu za Kongo ya Wabelgiji, wakahitimisha kwamba mabadiliko mapya ya urithi hayatoshi kueleza wingi wa wenye kuubeba. Hivyo damu ya Wakongo iliingia mapema katika mjadala huo.

3. Doa moja lililohama

Mwaka 1956, Vernon Ingram, aliyefanya kazi Cambridge katika kikundi cha Max Perutz, aliikata hemoglobini kwa kimeng'enya, akavitandaza vipande vyake juu ya karatasi kwa nguvu ya umeme na kwa kimiminika. Karatasi ya hemoglobini ya kawaida na ile ya mgonjwa zilifanana karibu kila mahali. Doa moja tu lilikuwa limehama. Mwaka 1957 alieleza tofauti yenyewe: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Leo mahali hapo hujulikana kuwa nafasi ya sita ya mnyororo wa beta.

Hemoglobini ina minyororo minne, miwili ya alfa yenye mabaki 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye mabaki 146. Jumla ni mabaki 574. Mawili tu kati ya hayo yamebadilika, moja katika kila beta. Ugunduzi huo ulistahili sifa zote ulizopewa. Hata hivyo, ulikuwa ugunduzi wa tahajia: ulitaja herufi iliyokosewa, haukueleza kwa nini herufi moja ivuruge maana yote. Asidi glutamiki ina chaji na hupenda maji. Valini huyakwepa maji kama mafuta yanavyoyakwepa. Je, valini hiyo, ikiwa juu ya uso wa molekuli, hukimbilia wapi?

4. Fuwele zilijibu

Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa karatasi. Perutz alikuwa amepiga picha zake za kwanza za fuwele za hemoglobini kwa miali ya X mnamo mwaka 1937; umbo la jumla la molekuli alilipata mwaka 1959. John Kendrew, mwenzake, alikuwa amemtangulia kidogo kwa mioglobini, protini ndogo zaidi, na mwaka 1962 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Tangu hapo ikawezekana kupima umbali kati ya baki na baki.

Katika miaka ya 1970 wataalamu walianza kuchora vipimo hivyo katika jedwali la mraba: mabaki yamepangwa kwa safu na kwa nguzo, na kila penye mguso huwekwa alama. Kwa mnyororo wa beta peke yake jedwali lina vyumba 21,316. Alama zilizoambaa na ulalo huonyesha majirani wa mfuatano; zilizo mbali nao huonyesha mikunjo iliyowakutanisha walio mbali.

Mguso wa selimundu, hata hivyo, haukuwa ndani ya molekuli moja. Mwaka 1975 Wishner, Ward, Lattman na Love walichunguza fuwele za hemoglobini ya ugonjwa iliyokosa oksijeni, wakakuta molekuli zimejipanga kwa jozi za nyuzi. Mwaka 1985 Padlan na Love walitoa picha iliyo wazi zaidi. Valini ya sita ya molekuli moja huingia katika kishimo kilicho juu ya beta ya molekuli jirani, ikaguswa na fenilalanini ya nafasi ya 85 na lusini ya nafasi ya 88, ambazo nazo huyakwepa maji. Kati ya valini mbili za kila molekuli, moja tu hushiriki katika mguso huo. Kishimo kipo hata kwa mtu mzima wa afya, ila kwake hakuna cha kukiingia. Molekuli hushikana hivyo moja baada ya nyingine, nyuzi kumi na nne husokotwa pamoja kama kamba, na kamba hizo ndizo zinazoinyoosha chembe hadi ikawa mundu.

5. Kuuzuia mguso

Mwaka 1948 Janet Watson alikuwa ameona kwamba watoto wachanga wenye urithi huo huchelewa kuugua, akaieleza kinga hiyo kwa hemoglobini ya mimba, ambayo bado wanayo. Sababu ilionekana baadaye katika mabaki. Mnyororo wa gama, unaochukua nafasi ya beta katika hemoglobini hiyo, una glutamini katika nafasi ya 87, mahali ambapo beta ina treonini. Nafasi ya 87 iko katikati ya 85 na 88, mlangoni mwa kishimo. Nagel na wenzake walionyesha mwaka 1979 kwamba baki hilo ni miongoni mwa yanayozuia nyuzi zisijengeke.

Kutokana na maarifa hayo zimetoka njia mbili. Ya kwanza ni hidroksiurea, kidonge kinachoongeza hemoglobini ya mimba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliowapa dawa watoto 606 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, Kinshasa ikiwa kituo kimojawapo, ulionyesha kwamba dawa hiyo hupunguza maumivu, maambukizo, haja ya kuongezewa damu na vifo. Ya pili ni tiba ya urithi iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023: mgonjwa hupewa mnyororo wa beta ambao nafasi yake ya 87 imewekwa glutamini kwa makusudi. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 3.1 kwa mgonjwa mmoja.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima watoto zaidi ya 31,000 waliozaliwa Kinshasa: asilimia 1.4 walikuwa wameurithi ugonjwa kwa wazazi wote wawili, na asilimia 16.9 kwa mmoja. Mbele ya hesabu hizo, tiba ya mamilioni ni habari njema ya mbali. Kidonge na kipimo cha damu siku za kuzaliwa ndivyo vinavyoweza kufika.

6. Hitimisho

Miaka 65 ilipita kati ya mundu wa Herrick na jozi za nyuzi za mwaka 1975. Jina liliutaja ugonjwa kwa umbo, mfuatano ukautaja kwa herufi. Mguso ndio uliotoa sababu, na pamoja na sababu mahali pa kuweka kizuizi. Kwa wanaofundisha kwa Kiswahili, kuna kazi iliyosalia. Mama anayeambiwa kwamba mwanawe ana «damu mbaya», au kwamba yeye peke yake ndiye aliyeleta balaa, hajaelezwa kitu. Anaweza kuelezwa, kwa lugha anayoisikia, kwamba mtoto amerithi kwa baba na kwa mama vilevile, na kwamba kila oksijeni inapopungua, molekuli zake hushikana mahali pasipopasa. Maneno ya kusema hivyo yapo; yanangoja kusemwa.