Tundu la MV Bukoba

Mei 21, 2026 ilitimia miaka 30 tangu MV Bukoba ipinduke ikikaribia Mwanza, ikitokea Bukoba na Kemondo. Meli hiyo, iliyoundwa 1979 na kampuni ya Ubelgiji, ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 na tani 850 za mizigo. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443. Wa daraja la tatu hawakuandikwa popote, na ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa inakadiriwa tu, wapo wanaosema karibu 900, wapo wanaofika 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Robert Kisanga, na waliopatikana wengi wakazikwa Igoma, Mwanza.

Ubishi ambao haujaisha ni wa tundu. Meli ilielea tumbo juu, huku ndani watu wakigonga wakiomba kutolewa. Waokoaji wakatoboa chuma ili wawafikie. Hewa iliyokuwa inaibeba meli ikatoka, nayo ikazama hadi kina cha mita 25. Wanaowatetea husema ni rahisi kuhukumu baada ya tukio, na kwamba waliofungiwa wangeishiwa pumzi hata kama chuma kisingeguswa. Hoja hiyo ina uzito, kwani uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana ulipofanywa. Lakini kwamba chombo kilichopinduka hushikiliwa na hewa iliyonaswa ndani yake lilikuwa jambo linalojulikana kwa mabaharia siku nyingi. Kisichojulikana ni wangapi walikuwa hai, na wako upande gani. Kutathmini vihatarishi ni kupima uwezekano wa kukosea pamoja na ukubwa wa hasara ukikosea, na hapa pia muda uliopo kabla ya kuamua. Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua watu 228, fundi mmoja alitolewa hai baada ya siku mbili kutoka penye hewa ndani ya meli. Kumbe muda unaweza kuwapo. Hata hivyo siwatupii lawama waliotoboa. Waliachiwa kuamua kwa dakika chache jambo lililopaswa kupangwa bandarini miaka kadhaa kabla: vifaa gani viwepo, wazamiaji watoke wapi, nani atoe amri. Na MV Nyerere, yenye uwezo wa abiria wapatao 100, ilijazwa kupita kiasi miaka 22 baada ya Bukoba.

Februari 12, 2023, katika bandari ya Mwanza Kusini, Igogo, ilishushwa majini MV Mwanza, meli ya abiria 1,200 na tani 400 za mizigo. Ni fahari ya haki kabisa, lakini meli mpya peke yake haitoshi. Msafiri, usikubali kupanda meli yoyote kabla jina lako halijaandikwa, uwe wa daraja la kwanza au la tatu.