Kisanduku cha kiota: uchaguzi wa mahali pa kukiweka

Kisanduku cha kiota ni kijumba kidogo, aghalabu cha mbao au cha saruji iliyochanganywa na unga wa mbao, kinachotundikwa ili ndege wanaotaga matunduni wapate pa kulelea makinda pale ambapo miti mizee yenye mashimo imekatwa au nyufa za kuta zimezibwa. Nchini Uingereza, ambako desturi hii imeenea sana katika bustani za nyumbani, visanduku hutumika pia kwa utafiti, kama vile katika msitu wa Wytham, karibu na mji wa Oxford, ambako vizazi vya ndege aina ya Parus major vimefuatiliwa tangu 1947. Kisanduku kilichoundwa vizuri lakini kikawekwa pabaya hubaki kitupu, au huwa mtego kwa makinda wasioweza kutoka.

Jambo la kwanza kuzingatiwa ni jua na mvua. Pasipokuwa na mti au jengo la kukitia kivuli, tundu la kuingilia huelekezwa kati ya kaskazini na mashariki, kwa kuwa nchini humo jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, na pepo za mvua huvuma zaidi kutoka kusini-magharibi; aidha, kisanduku huinamishwa mbele kidogo ili maji yasiingie. Kanuni hiyo haifai kunakiliwa kila mahali: Nairobi, iliyo karibu na ikweta, hupata jua la adhuhuri upande wa kaskazini kwa sehemu ya mwaka na upande wa kusini kwa sehemu nyingine, hivyo kivuli cha kudumu huwa na maana zaidi kuliko mwelekeo.

Jambo la pili ni maadui. Kimo cha mita 2 hadi 4, kwenye ukuta au shina lisilo na matawi ya kupandia, humzuia paka, ilhali bamba la chuma kuzunguka tundu huwazuia kindi na kigong'ota wasilipanue. Njia ya kurukia mbele ya tundu huachwa wazi, na kisanduku huwekwa mbali na meza ya chakula cha ndege, kwa sababu wageni wengi huwasumbua wazazi wanaolinda eneo lao.

Tabia ya kila spishi, yaani kila aina mahususi ya ndege, ndiyo huamua mengine. Ndege mdogo wa buluu na manjano aitwaye Cyanistes caeruleus hutosheka na tundu la milimita 25, naye hastahimili jirani wa aina yake, ilhali shomoro (Passer domesticus), anayehitaji milimita 32, hutaga kwa makundi, hivyo visanduku vyake huweza kupangwa pamoja chini ya paa. Robini (Erithacus rubecula), mwenye kidari cha rangi ya chungwa, hupendelea kisanduku kilicho wazi upande wa mbele, kilichofichwa ndani ya mimea inayotambaa, chini ya mita 2. Teleka (Apus apus), ambaye huzaliana Ulaya wakati wa kiangazi na kurejea Afrika, ikiwemo Kongo, huhitaji kimo cha mita 5 au zaidi na nafasi tupu chini ya tundu, kwa kuwa hujiangusha kwanza ndipo aanze kuruka.

Visanduku huweza kutundikwa wakati wowote, lakini vikiwekwa majira ya vuli huwapa ndege malazi wakati wa baridi na muda wa kuvizoea kabla ya kutaga. Kwa kuwa sheria ya wanyamapori ya Uingereza ya 1981 inakataza kuharibu kwa makusudi kiota kinachotumika, kusafisha au kuhamisha kisanduku husubiri hadi msimu wa kutaga uishe. Na kisanduku kisichopata mpangaji kwa misimu kadhaa hufaa kuhamishiwa mahali pengine kabla ya kulaumiwa umbo lake.