Jaribio la mapinduzi la Burkina Faso, 2015

Jaribio la mapinduzi la Burkina Faso la mwaka 2015 lilikuwa jaribio lililoshindwa la kuipindua serikali ya mpito ya nchi hiyo ya Afrika ya Magharibi. Lilianza tarehe 16 Septemba 2015, askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Rais (RSP) walipovamia kikao cha baraza la mawaziri mjini Ouagadougou na kuwakamata rais wa mpito Michel Kafando na waziri mkuu Yacouba Isaac Zida.

== Chanzo ==
RSP ilikuwa na askari wapatao 1,300, wenye silaha bora kuliko jeshi la kawaida. Ilikuwa nguzo ya Blaise Compaoré, aliyetawala tangu 1987 hadi alipoondolewa na maandamano ya wananchi Oktoba 2014. Siku mbili kabla ya jaribio, tume ya maridhiano ilipendekeza kikosi hicho kivunjwe. Tena, wafuasi kadhaa wa Compaoré walikuwa wamezuiwa kugombea katika uchaguzi wa Oktoba.

== Matukio ==
Tarehe 17 Septemba jenerali Gilbert Diendéré, msaidizi wa karibu wa Compaoré kwa miaka mingi, alitangazwa kuwa kiongozi wa nchi. Ikulu aliishika, lakini nchi haikumtii. Vyama vya wafanyakazi viligoma, vijana walifunga barabara kwa mawe na matairi yaliyochomwa moto, na maandamano yalienea hadi Bobo-Dioulasso. Chérif Sy, spika wa bunge la mpito, alijitangaza kaimu rais na kuwahimiza wananchi kwa njia ya redio wapinge mapinduzi.

Wapatanishi wa ECOWAS walipendekeza waasi wasamehewe, jambo lililowaudhi wananchi wengi. Tarehe 21 Septemba vikosi vya jeshi kutoka mikoani viliingia Ouagadougou. Usiku wa kesho yake pande zote mbili zilikubaliana kutopigana, mbele ya Mogho Naba, mfalme wa jadi wa Wamossi, ambaye hana cheo serikalini lakini anaheshimiwa sana. Kafando alirudi madarakani tarehe 23 Septemba.

== Baada ya jaribio ==
Watu 14 waliuawa, wengi wao raia. RSP ilivunjwa tarehe 25 Septemba. Baadhi ya askari wake walikataa kusalimisha silaha, na jeshi likaishambulia kambi yao siku nne baadaye. Diendéré alikimbilia ubalozi wa Vatikani, kisha akakabidhiwa kwa serikali. Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Novemba, Roch Marc Christian Kaboré akashinda. Mwaka 2019 mahakama ya kijeshi ilimhukumu Diendéré kifungo cha miaka 20, na Djibrill Bassolé, waziri wa zamani wa mambo ya nje, miaka 10.