Kupima hulka nyumbani

Kupima hulka nyumbani ni kujaribu kutambua tabia ya kudumu ya mtu kwa vitu vya kawaida, bila mtaalamu. Jaribio linalofahamika sana hutumia limau, na linaweza kufanywa jikoni popote.

Kijiti cha pamba chenye ncha mbili hufungwa uzi katikati ili kining'inie sawasawa. Ncha ya kwanza huwekwa ulimini kwa sekunde 20. Kisha matone 4 ya maji ya limau hudondoshwa ulimini, na ncha ya pili huwekwa kwa muda uleule. Ncha hiyo ikilemea sana, mate yameongezeka, na mtu huhesabiwa kuwa mkimya. Kijiti kikikaribia kuwa sawa, huhesabiwa mchangamfu. Mwanasaikolojia D. W. J. Corcoran alieleza uhusiano huo wa mate na hulka mwaka 1964, nao uliafikiana na nadharia ya mwanasaikolojia Hans Eysenck kwamba ubongo wa mkimya husisimka upesi.

Uhusiano huo, hata hivyo, huonekana watu wengi wanapolinganishwa pamoja. Kwa mtu mmoja, saa ya kupima, njaa na ukali wa tunda hutosha kubadili jibu. Tena wengi wako katikati ya ukimya na uchangamfu, hivyo kumpa mtu "aina" yake ni kumkatia hukumu bila ushahidi.

Dodoso za kujijazia zina hatari nyingine: majibu hupendeza mno. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 waliojaza dodoso maelezo yaleyale ya hulka, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Kwa wastani waliyapa usahihi wa 4.26 kati ya 5.

Hata wataalamu hupata shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanaanthropolojia Robert Edgerton aliwahoji Wakamba, Wahehe, Wapokot na Wasebei, akiwaonyesha pia picha na madoa ya wino. Kitabu chake cha 1971 kinalinganisha jamii, wakulima na wafugaji. Hakimwambii Mkamba mmoja yeye ni mtu wa namna gani. Huko Siaya, Kenya, wanauchumi Rachid Laajaj na Karen Macours waliwapima wakulima mara mbili, wakaona kwamba maswali ya hulka hayakupima vizuri yaliyokusudiwa, sababu mojawapo ikiwa mazoea ya kukubali kila kauli inayosomwa. Kwa hiyo dodoso makini huchanganya kauli zinazopingana, hurudiwa baada ya muda, na huambatanishwa na maoni ya watu wanaomfahamu mhusika.